Hitilafu za klachi ya haidroliki

Hitilafu za klachi ya haidroliki ni matatizo yanayozuia klachi ya gari kuachia au kushika sawasawa, katika magari ambayo nguvu ya mguu wa dereva husafirishwa kwa mafuta badala ya waya au vyuma. Mfumo huu umo katika magari mengi ya zamani yenye gia za mkono ambayo bado yanafanya kazi nchini Tanzania, kama vile Land Rover, Toyota Land Cruiser na Toyota Hilux. Swali la kwanza ni kama ugonjwa uko kwenye mafuta na pampu, ambazo hutengenezwa bila kushusha gia boksi, au uko ndani penye sahani ya klachi. Tofauti ya gharama ni kubwa, na gia boksi inaweza kushushwa bure kwa sababu ya rabaa ndogo iliyochakaa.

Jinsi inavyofanya kazi

Dereva akikanyaga pedali, fimbo husukuma pistoni ya pampu ya juu, ambayo mafundi huiita pia klachi masta. Mafuta ya breki hupita katika bomba na mpira hadi pampu ya chini, kando ya gia boksi. Pampu hiyo husukuma uma, uma husukuma beringi, na sahani huachana na flaiwili. Mafuta hayabonyei lakini hewa hubonyea, kwa hiyo upepo kidogo tu ndani ya bomba hula mwendo wa pedali.

Mpando wa Newala

Masasi, njia panda ya barabara za Mtwara, Tunduru, Nachingwea na Newala, iko chini ya uwanda wa juu wa Makonde. Newala iko ukingoni mwa uwanda huo, na gari linalotoka Masasi hulazimika kupanda ukingo wake. Mpando wa namna hii hufichua klachi mbovu mapema, hasa msimu wa korosho magari yanapobeba mizigo. Injini ikipandisha mzunguko huku mwendo wa gari hauongezeki, klachi inateleza. Gia ikigoma kuingia au ikisaga, klachi haiachii.

Hatari zaidi ni wakati wa kushuka. Dereva akitoa gia kisha nyingine ikakataa kuingia, gari halishikiliwi tena na injini na hubaki breki peke yake. Katika baadhi ya magari klachi na breki hutumia chupa moja ya mafuta, hivyo mafuta yanayopungua hapo ni tatizo la breki pia.

Kutambua hitilafu

Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote. Zikiingia kirahisi lakini zikagoma injini inapowaka, klachi haiachii. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, chunguza gia boksi na fimbo zake.

Kisha tazama chupa ya mafuta. Mafuta yakiwa yamepungua, yanavuja mahali fulani. Pampu ya juu mara nyingi huvujia ndani ya gari, kwenye fimbo ya pedali, na unyevu huonekana chini ya zulia. Kwa pampu ya chini, funua kifuniko chake cha mpira. Pakiwa pamelowa, rabaa imekwisha. Vumbi lililogandamana na mafuta kando ya gia boksi ni dalili, ingawa linaweza pia kutokana na oili ya injini.

Pedali ikipata nguvu baada ya kukanyagwa mara kadhaa kwa haraka, kuna upepo au rabaa zimechoka. Ikizama polepole huku mguu umetulia, na hakuna mvujo wa nje, mafuta yanarudi nyuma ndani ya pampu ya juu.

Kipimo chenye faida kuliko vyote huhitaji watu wawili. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Mmoja akanyage pedali, mwingine aangalie fimbo ya pampu ya chini. Ikitembea kidogo kuliko kipimo cha gari hilo, tatizo liko kwenye haidroliki, pengine hata mpira wa zamani unaovimba unapopata shinikizo. Ikitembea kikamilifu na gia bado zinasaga, tatizo liko ndani: uma uliopinda, presha pleti iliyovunjika, au sahani iliyoganda kwa kutu baada ya gari kusimama muda mrefu.

Klachi inayoteleza kwa kawaida ni sahani iliyokwisha au iliyolowa oili. Lakini mpira ulioziba ndani huweza kuzuia mafuta yasirudi, na klachi ikabaki imekanyagwa nusu. Legeza nati ya kutolea upepo kwenye pampu ya chini: fimbo ikirudi ghafla, shinikizo lilikuwa limenaswa.

Matengenezo

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kisha silinda hupata kutu. Oili ya injini haifai kuwa mbadala hata njiani, kwa kuwa huvimbisha rabaa za mfumo mzima. Rabaa mpya hutosha ikiwa ukuta wa silinda ni laini. Ukiwa na mikwaruzo au vishimo vya kutu, huchakaa tena haraka, na pampu nzima hubadilishwa.