Penye miti ya Lavington sasa pana wajenzi: Faida na hasara za kuishi katika mitaa ya kale ya Nairobi

NAIROBI

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Katika mitaa ya Lavington na Kileleshwa, magharibi mwa jiji la Nairobi, msemo huo umepinduka. Palipo na mijakaranda na migrevilea ndipo wajenzi wanapokimbilia, na kila kiwanja chenye nyumba moja ya zamani kina mtu anayepiga hesabu ya fleti ngapi zinaweza kusimama juu yake.

Hali hiyo imewaacha wakazi wa mitaa hiyo, pamoja na wale wanaotamani kuhamia huko, na swali gumu. Je, kuna faida gani kuishi leo katika nyumba iliyojengwa miaka ya 1950, katikati ya kiwanja cha nusu ekari kilichozungukwa na miti? Na ni gharama zipi ambazo mgeni hazioni anapopita barabarani na kuvutiwa na kivuli?

Ili kulijibu swali hilo ni vyema kuanza na asili ya mitaa yenyewe.

MITAA ILIYOZALIWA NA UBAGUZI

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Tangu mapema, serikali ya kikoloni iliwatenga wakazi kwa rangi zao. Wazungu walichukua nyanda za juu za magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu wenye rutuba na unaopitisha maji kwa urahisi. Wahindi walikaa Parklands na maeneo ya karibu. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Mahali pa Lavington palikuwa na mashamba ya kahawa ya mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya St Austin's mwaka 1899. Kahawa iliyopandwa hapo ilisambaa katika nchi nzima, na hadi leo wakulima huitambua aina iitwayo French Mission. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jiji lilipotengenezewa mpango mkuu wa mwaka 1948, mashamba ya pande hizo yaliendelea kugawanywa kuwa viwanja vikubwa vya makazi.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, sheria za ubaguzi ziliondoka lakini mpangilio wa viwanja ulibaki. Mawaziri, makatibu wa wizara, wanabalozi na wafanyabiashara walihamia katika nyumba hizo. Rangi ilikoma kuwa kigezo, na mahali pake pakashikwa na pesa.

FAIDA: HEWA, KIVULI NA NAFASI

Faida ya kwanza ni ile inayoonekana kwa macho na kuhisiwa kwa ngozi. Mti mkubwa hufunika ardhi isipigwe na jua, na majani yake hutoa unyevu unaopoza hewa. Ndiyo maana mchana wa Februari, mwezi wa joto Nairobi, barabara yenye miti huwa na ubaridi ambao haupatikani penye lami na saruji tupu. Majani pia hunasa vumbi na kupunguza kelele za magari.

Faida ya pili ni udongo. Kiwanja chenye nyasi na mizizi hunywa maji ya mvua, na sehemu ya maji hayo hushuka polepole ardhini badala ya kukimbilia mtaroni. Katika jiji lenye misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, jambo hilo si dogo, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Tatu ni nyumba zenyewe. Nyingi zilijengwa kwa mawe ya kuchonga, zikaezekwa vigae na kuwekewa sakafu ya mbao na mahali pa kuotea moto. Kuta zake ni nene, vyumba ni vipana, na madirisha yalielekezwa kufuata upepo na mwanga. Mafundi wengi watakiri kwamba mbao za mvule zilizotumika zamani leo hazipatikani kwa bei ya mtu wa kawaida.

Nne ni nafasi. Watoto wana uwanja wa kuchezea bila kuogopa gari, mzee ana mahali pa kuota jua la asubuhi, na mwenye nyumba anaweza kupanda sukumawiki, ndizi na maparachichi nyuma ya jiko. Alfajiri huanza kwa milio ya kwarara, na usiku komba husikika wakilia juu ya miti. Aidha, mitaa hii iko karibu na shule, hospitali na maduka makubwa, na kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji.

HASARA: GHARAMA ISIYOANDIKWA KWENYE BANGO

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Nyumba yenye umri wa miaka 60 au 70 ina maradhi ya uzee. Mabomba ya chuma huoza kwa ndani na kupunguza maji. Nyaya za umeme ziliwekwa wakati nyumba ilihitaji taa chache na redio, wala si jokofu, mashine ya kufulia na birika la umeme kwa wakati mmoja. Mchwa hupenda mbao za paa na fremu za milango.

Baadhi ya nyumba za enzi hizo ziliezekwa kwa mabati ya asbesto, ambayo Kenya iliyapiga marufuku mwaka 2006 kwa sababu nyuzi zake husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu. Kuyaondoa si kazi ya kibarua mwenye nyundo. Yakivunjwa hovyo, nyuzi hupeperuka na kuvutwa na kila aliye karibu.

Miti nayo ina madai yake. Majani hujaza mifereji ya paa na maji yakafurika ukutani. Mizizi huingia kwenye mabomba ya majitaka na kuinua sakafu ya kibaraza. Mikaratusi hunywa maji mengi na kukausha udongo, na matawi yake huvunjika bila taarifa. Mvua ya upepo inapopiga, tawi likiangukia waya mtaa mzima hukaa gizani hadi mafundi wa Kenya Power wafike.

Julai, mwezi wa baridi jijini, kivuli kilichokuwa baraka Februari hugeuka adha. Vyumba havipati jua, kuta hutoa ukungu, na nguo hazikauki. Mitambo ya kupasha maji kwa jua, iliyo tegemeo la kaya nyingi jijini, haifanyi kazi ipasavyo chini ya mti.

Wanyama pia hawaombi ruhusa. Nyumba zilizo karibu na Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, hutembelewa na kima wanaofungua madirisha, kubeba mikate na kupindua mapipa ya taka.

Kuhusu maji, kuwa na kiwanja kikubwa si kuwa na mfereji wenye maji. Nairobi hutegemea zaidi bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, na mwaka 2017 ukame ulipolipunguza, mgao ulianza jijini kote. Wengi wamechimba visima virefu, lakini kiwango cha maji chini ya ardhi ya Nairobi kimekuwa kikishuka, na maji ya baadhi ya visima yana floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Katika mitaa mingine yenye miti, sehemu kubwa za Karen zikiwemo, makazi yalipangwa bila mabomba ya majitaka, hivyo kila mwenye nyumba hujichimbia tangi lake na kulipia lori la kulinyonya.

Suala la usalama nalo lina pande mbili. Ua mrefu wa michongoma huzuia macho ya wapita njia, lakini pia humficha mwizi. Kutoka lango moja hadi jingine ni mbali, na jirani anaweza kuvamiwa pasipo mwenzake kusikia. Ndiyo maana gharama ya bawabu, mbwa na kengele ya hatari huingia katika bajeti ya kila mwezi.

Isitoshe, mitaa hii ilipangwa kwa ajili ya mwenye gari. Sehemu nyingi za barabara za ndani hazina njia ya miguu. Maelfu ya wafanyakazi wa nyumbani, watunza bustani na mafundi hutembea kila asubuhi kutoka Kawangware, mtaa wa kipato cha chini unaopakana na Lavington, wakikwepa magari kando ya barabara. Wao huviona vivuli hivyo kila siku, ila hawalali chini yake.

NUSU EKARI YENYE FAMILIA AROBAINI

Tangu miaka ya 2000, nyumba za ghorofa zilianza kuchukua nafasi ya nyumba za zamani Kilimani na Kileleshwa, kisha zikasogea Lavington. Hesabu yake ni nyepesi. Kiwanja cha nusu ekari chenye nyumba moja hukaa familia moja. Kikijengwa jengo la ghorofa kumi lenye fleti nne kila ghorofa, hukaa familia 40.

Kwa wanaounga mkono ujenzi, hilo ni jambo la haki. Jiji lenye wakazi zaidi ya milioni nne, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, haliwezi kuendelea kutenga ardhi yake bora kwa wachache, kwa mpangilio uliorithiwa kutoka kwa wakoloni. Fleti humwezesha mwalimu, muuguzi au karani wa benki kuishi karibu na kazi yake badala ya kupoteza saa tatu kwenye matatu kutoka nje ya jiji.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Bomba la maji na la majitaka lililowekwa kwa ajili ya nyumba moja haliongezeki unene kwa sababu jengo limeongezeka urefu. Barabara nyembamba hupokea magari 40 mahali pa mawili. Na kiwanja kikishamwagiwa zege ukuta hadi ukuta kwa ajili ya maegesho, hakinywi tena maji ya mvua.

Hapo ndipo suala la miti ya Lavington linapomgusa hata asiyewahi kufika huko. Mito ya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, inayopita katika vilima hivyo, humwaga maji yake katika Mto Nairobi, ambao huteremka hadi Gikomba na Korogocho. Maji yasiyonywewa na udongo wa juu huwafikia walio bonde la chini kwa haraka na kwa wingi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua watu na kubomoa makazi kandokando ya mito ya jiji, yalikuwa na sababu nyingi, mvua kubwa kuliko kawaida ikiwa ya kwanza. Hata hivyo, kila bustani inayogeuzwa zege huongeza tone lake katika mzigo huo.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Aidha, mkazi asiyeridhika na kibali cha mazingira kilichotolewa na NEMA anaweza kukata rufaa katika Mahakama Maalumu ya Mazingira ndani ya siku 60. Wengi huzinduka siku hizo zikiwa zimekwisha, wakati tingatinga tayari limeingia kiwanjani.

Sauti ya umma imewahi kuokoa miti. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokuwa wakipinga kunyakuliwa kwa Msitu wa Karura. Leo msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 ni mahali pa matembezi ya familia. Novemba 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya Expressway, mugumo wenye umri wa karne moja kando ya Waiyaki Way uliponea msumeno baada ya wananchi kupaza sauti.

MAMBO YA KUCHUNGUZA KABLA YA KUHAMIA

Anayetaka kununua nyumba katika mitaa hii anashauriwa kuanza na hati. Viwanja vingi vya Nairobi hushikiliwa kwa umiliki wa muda, mara nyingi miaka 99. Hati iliyotolewa mwaka 1955 itamalizika mwaka 2054, na benki husita kutoa mkopo wa muda mrefu juu ya hati iliyobakiza miaka michache. Upekuzi rasmi hufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka 2021.

Pili, aulize kodi ya ardhi ya kaunti. Kodi hiyo hukokotolewa kwa thamani ya kiwanja kitupu wala si ya nyumba, hivyo mstaafu mwenye nyumba kuukuu juu ya ardhi ghali hutozwa kwa utajiri ambao hauko mfukoni mwake. Hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya wazee kuuza.

Tatu, aitembelee nyumba wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi pekee, akiwa na fundi wa bomba na fundi wa umeme. Achunguze dari, mifereji, na umbali wa miti mikubwa kutoka kwenye msingi.

Nne, atazame viwanja vya jirani. Nyumba yenye utulivu leo inaweza kesho kutazamwa na madirisha mia moja, na kivuli cha mti kikageuka kivuli cha jengo.

Kwa mwenye uwezo wa kuitunza, nyumba ya zamani chini ya miti bado ni makazi ambayo fleti haiwezi kuyaiga. Kwa mwenye kipato cha kubana, inaweza kumfilisi polepole. Kwa jiji lenyewe, kuna njia ya kati: kuruhusu nyumba zaidi katika kiwanja, huku mjenzi akilazimishwa kuacha sehemu ya udongo wazi na kuhifadhi miti iliyo mipakani. Ghorofa hukamilika kwa miaka miwili, ilhali mjakaranda wa kufunika barabara huhitaji miongo kadhaa.