Land Rover ya babu ni imara, lakini mtoto aliyekaa nyuma je?

Mzazi, gari gumu si lazima liwe gari salama kwa mwanao.

Land Rover ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 30, 1948. Vita vilikuwa vimekwisha na chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alimlenga mkulima: gari la kazi za shamba, la kubeba mizigo na kupita kwenye tope. Mkanda tunaoufahamu leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, miaka 11 baadaye.

Ndiyo maana Land Rover nyingi za zamani zina mabenchi ya pembeni huko nyuma, abiria wanatazamana, mikanda hakuna. Dereva akifunga breki ghafla, gari linasimama, mtoto anarushwa.

Kama familia yenu bado inalo, msiliuze. Mwiteni fundi anayeijua kazi hiyo aweke viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda iliyoshikiliwa vizuri. Hadi hapo, nyuma ipande mizigo tu.