Neno Adimu Ndilo Ufunguo

Majani ya mihogo shambani yameingia mabaka ya manjano. Mwanafunzi atafutaye «ugonjwa wa mihogo» katika tovuti ya kilimo huletewa kurasa tele. Atafutaye «batobato» hulifikia jibu upesi. Kwa nini? Kompyuta haisomi kurasa zote upya kila iulizwapo. Hutazama faharasa iliyokwisha kutayarishwa, mfano wa ile ya mwishoni mwa kitabu. Mwaka 1972, Karen Spärck Jones wa Uingereza alionyesha kwamba neno lipatikanalo katika maandishi machache lastahili uzito kuliko lililoenea kote. Tena, mitambo mingine haitambui kwamba «mihogo» ni wingi wa «muhogo». Yafaa kujaribu yote mawili: pengine dawa ya shamba imeandikwa kwa umoja.