Moto Mdogo kwa Maharagi

Mama msomaji, unapika maharagi tangu asubui. Chini imeungua, juu ingali ngumu, na makala imeisha. Kosa ni moto mukali unaopiga sufuria pahali pamoja.

Wengi wanafikiri maji ikichemuka kwa nguvu, chakula kinaiva mbio. Si hivyo. Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari; maji inachemuka karibu digrii 96. Hata ukiongeza makala, haipiti pale, inakauka tu.

Fanya hivi:

1. Loweka maharagi usiku muzima, kisha umwange maji ile.

2. Katika maji mapya, chemusha kwa nguvu dakika 10 kwanza. Maharagi nyekundu isiyochemuka vizuri inaumiza tumbo.

3. Sasa funika makala na majivu kidogo. Weka bamba nene la chuma juu ya mbabula, na sufuria juu yake. Chuma kinatawanya moto. Funika sufuria, maji ichemuke polepole.

Lakini angalia chuma kinatoka wapi. Usitumie bati iliyopakwa zinki, wala kipande cha pipa ya asidi ao dawa ya mgodi: kwa moto inaweza kutoa moshi wa sumu.

Tena, mwezi wa 6 na wa 7 baridi inauma, na moto huu hauna moshi. Utatamani kuingiza mbabula ndani. Hapana! Makala inatoa gazi isiyo na harufu, nayo inaua watu katika usingizi. Mbabula ibaki inje, hata moto ukiwa mdogo.