“Him” au “himself”? Jibu limo ndani ya -ji-

Watalii wengi wanaotaka kuuona mchanga mkubwa wa Sharqiyah ya Oman, Ramlat al-Wahiba, huingilia Bidiya. Kabla gari haijapanda tuta la kwanza, mwongozaji hushuka akapunguza upepo wa matairi, na huku akifanya hivyo huwapa wageni wake maneno ya usalama kwa Kiingereza. “Keep some water with you.” “Look behind you.” “Don't go up there by yourself.” “Look after yourself.” Kila sentensi ina kihusishi, na baada ya kila kihusishi anatajwa yule yule anayeambiwa. Hata hivyo mbili zimechukua “you” na mbili zimechukua “yourself”.

Kanuni ya skuli haitoshi hapa. Wanafunzi hufundishwa kwamba mtenda na mtendewa wakiwa mtu mmoja, kiwakilishi kiongezwe “self”. Mwanafunzi mwenye bidii huishika kanuni hiyo, kisha anaandika “He closed the gate behind himself”, na mwalimu anapitisha kalamu nyekundu bila ya kueleza sababu. Kwa maoni yangu mwanafunzi huyo anadhulumiwa, maana kosa limezaliwa na kanuni aliyopewa.

Lililopungua kwenye kanuni ni kuangalia kihusishi kinafanya kazi gani. Vihusishi vingine vimefungwa na kitenzi au kivumishi chake, na vikiondolewa maana inavunjika: “look after”, “believe in”, “rely on”, “proud of”, “ashamed of”. Anayetajwa baada yake ndiye anayepokea tendo lenyewe, na hapo Kiingereza hulazimisha “self”. Vihusishi vingine vinaonyesha tu mahali kitu kilipo au kinakoelekea: “behind”, “beside”, “in front of”, “with” ya kuchukua kitu. Hapo kiwakilishi cha kawaida kinatosha: “She put the basket beside her.” “I have no money on me.” “They brought their children with them.”

Mwanafunzi wa Kiingereza kutoka nyumba inayosema Kiswahili ana bahati, kwa sababu tofauti hiyo anayo mdomoni tangu utotoni. Zitafsiri sentensi za kundi la kwanza uone: kujiamini, kujitegemea, kujivunia, kujionea haya, kujihurumia, kujicheka. Kila penye “self” ya lazima, Kiswahili kimetia -ji- ndani ya kitenzi. Sasa zitafsiri za kundi la pili: aliweka kikapu kando yake, alifunga lango nyuma yake, walikuja na watoto wao. Humo -ji- haimo, na “self” haimo. Hata tamko kama “he took it upon himself”, ambalo huwatatiza wengi, linakaa sawa: alijitwika.

Kipimo hiki kinaonekana wazi zaidi kwenye kauli ya kutendea. “Salim bought dates for him”: Salim alimnunulia tende, yaani mtu mwingine. “Salim bought dates for himself”: Salim alijinunulia tende. Tofauti yote ya -m- na -ji- ndiyo tofauti ya “him” na “himself”, na ukikosea hapo umezipeleka tende kwa mtu mwingine. Kwenye “behind him” mambo ni mengine. Hapo Kiingereza hakibainishi kama ni nyuma ya Salim au nyuma ya jirani yake, na “nyuma yake” ya Kiswahili haibainishi vilevile. Lugha zote mbili zimemwachia msikilizaji aelewe kutokana na mazungumzo. Kiarabu nacho hakipo mbali: anayezungumza peke yake huzungumza na “nafsi” yake, lakini mlango huufunga nyuma yake, kwa kiwakilishi cha kawaida.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia wazazi wakiambiwa waache Kiswahili nyumbani ili Kiingereza cha mtoto kinyooke. Historia ya Sharqiyah yenyewe inalipinga wazo hilo. Familia nyingi za huku zilikwenda Unguja, Pemba na bara, na nyingi zikarejea baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, hasa Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Wakati huo Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali za mtindo wa kisasa. Waliorejea walikuja na Kiswahili chao na, wengi wao, Kiingereza walichokipata katika skuli za Zanzibar ya wakati wa Waingereza, na lugha hizo mbili walizitumia pamoja maofisini bila ya moja kuiharibu nyenzake. Leo wajukuu wao wanaanza Kiingereza darasa la kwanza.

Kipimo cha -ji- kina mipaka yake. “By yourself” ni peke yako, na “among themselves” ni wenyewe kwa wenyewe; -ji- haionekani, lakini “self” ni ya lazima. Hayo ni matamko yaliyokwisha kuganda, na dawa yake ni kuyahifadhi tu. “Beside” nayo ina mtego: “beside her” ni kando yake, lakini “beside herself” ni mtu aliyepandwa na hasira au furaha mpaka hajimudu.

Pia kuna mahali ambapo yote mawili yanakubalika. Mtu aliyekaa mchangani usiku akamwona ng'e anaweza kusema “I saw a scorpion near me” au “near myself”, ingawa la kwanza ndilo la kawaida. Aliyejifunika shali kwa baridi ya alfajiri ataambiwa “she wrapped it around her” au “around herself”. Angalia kwamba hapo Kiswahili nacho kinaweza kusema alijizungushia shali au alilizungusha mwilini.

Linalobaki ni “myself” ya barua za ofisini: “Please contact Salma or myself.” Waandishi huitumia kwa adabu, wakiona “me” ni neno kavu. Wataalamu wa sarufi wanavutana juu yake, na wapo wanaoitetea. Mimi siishauri, maana anayeombwa kupiga simu ni msomaji, na “myself” haina wa kumrejea katika sentensi ile. Kwa Kiswahili tungeandika “wasiliana na Salma au mimi”, na kwa Kiingereza “Please contact Salma or me” ni adabu kamili.