Kijitu cha udongo chenye bima ya pauni milioni 1

Sir Charles Isham ndiye anayetajwa kuingiza Uingereza sanamu za bustani za vijitu wenye ndevu na kofia ndefu. Mwaka 1847 alileta 21 za udongo wa kuchoma kutoka Ujerumani, akazipanga bustanini kwake, Lamport Hall. Alifariki mwaka 1903. Binti zake, ambao hawakuzipenda, wakaziondoa. Moja ilisalia, imefichika kati ya mawe. Sanamu hiyo, Lampy, inaripotiwa kukatiwa bima ya pauni milioni 1, huku za plastiki zikijaa madukani kwa bei ya chini. Somo kwa mwekezaji mdogo: uhaba na historia inayothibitika ndivyo hupandisha bei. Anayenunua sanamu kuukuu bila ushahidi wa asili yake, amenunua udongo tu.