Hell's Gate: Kwa nini mafuriko huja jua likiwaka

ANGA safi juu ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, si dalili ya kutosha kwamba korongo lake ni salama.

Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1984 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi, ni miongoni mwa chache nchini humo ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, twiga na swala. Kivutio chake kikuu ni korongo la Ol Njorowa, lenye kuta ndefu za mawe, vijia vyembamba na chemchemi za maji moto yanayotiririka kutoka miambani. Joto hilo la ardhini ndilo linalozalisha umeme katika eneo jirani la Olkaria tangu mwaka 1981.

Zamani za kale, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, maji yake yalifurika kuelekea kusini, yakachimba mkondo katika miamba laini ya volkano. Ziwa lilipopungua, mto huo ulikauka, lakini mkondo ukabaki. Huo ndio mkondo anaoupita mgeni leo, na maji hayajauacha.

Mvua kubwa ikinyesha kwenye miinuko ya mbali, maji hukusanyika na kuteremka korongoni kwa kasi. Aliye ndani huenda asione hata wingu. Mahali palipo pembamba kina hupanda kwa ghafla, na kuta zilizolainishwa na maji hazina pa kushika.

Mwezi Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walifariki dunia korongoni humo baada ya kusombwa na mafuriko. Mwezi Septemba 2019, watu wengine saba walipoteza maisha kwa namna hiyo hiyo, na korongo likafungwa kwa muda.

Kwa sababu hiyo, mgeni anashauriwa kuuliza langoni iwapo njia ya korongoni imefunguliwa, na iwapo mvua imenyesha milimani. Aandamane na kiongozi anayezijua njia za kutokea. Maji yakianza kubadilika rangi au ngurumo ikisikika, asingoje kupiga picha: apande juu mara moja.